Kauri Chini ya Kijiko

Nilifika Nyeri nikiwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi, nimekumbatia tanuri. Tanuri lenyewe halikuwa kubwa, lakini ndani yake kulikuwa na ukuta mwembamba wa udongo ambao hupasuka ukitikiswa vibaya. Karakana ya meno ya Mombasa niliyokuwa nikifagia ilikuwa imefungwa, na kliniki moja ya Nyeri ikalinunua tanuri hilo la kuchomea meno ya kauri. Tajiri wangu akaniambia nipande nalo lori, nilifikishe salama, kisha nirudi pwani.

Mimi ni Mtaita wa Wundanyi. Tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kukaa mahali pamoja muda wa kutosha kumaliza mche wa sabuni. Nilikuwa nimekata mkonge Mwatate, nikafungua gereji za watu Voi asubuhi na kuzifunga jioni, nikashuka Mombasa. Safari ya kwenda bara ilinifaa kabisa. Lori liliharibika Mtito Andei, tukalala chini yake. Nairobi dereva aliingia mtaani kutafuta tairi, akarudi siku iliyofuata akiwa na tairi na harufu ya nyama choma. Tulipopita Thika mvua ikaanza. Nilikuwa na blanketi moja, na kufikia Sagana nilikuwa nimelivisha tanuri. Niliingia Nyeri alfajiri na shati la mikono mifupi la Mombasa, meno yakigongana.

Aliyetupokea alikuwa Mzee Gichuki, fundi wa meno wa kliniki, mtu wa Kiriaini, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua blanketi, akamulika ndani ya tanuri kwa tochi, akapitisha kidole kwenye ukuta wote. Ndipo akanitazama.

"Hii iko sawa," akasema. "Na wewe uko sawa?"

Alinipa chai na koti lake la zamani. Kesho yake alisema aliyeleta tanuri ndiye anayejua tabia zake, kwa hiyo nisaidie kuliwasha. Kesho kutwa yake alinipa plasta nikoroge. Tajiri wangu wa Mombasa nadhani bado ananisubiri.

Ninyi mliobaki karakanani mliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu, hasa habari ya madaraja ya kauri, yaani meno bandia yaliyoungana, na kwa nini mengine yanakaa na mengine hayakai. Nimeandika nikiwa bado nakumbuka. Niliondoka kabla ya kufika miaka hamsini kwa sababu daktari wa kifua aliniambia niachane na vumbi. Enzi zetu barakoa ilikuwa kitu cha kuvaa akija mgeni. Vaeni barakoa. Sitarudia.

Kauri huanza kama unga. Unaukoroga na maji, unaupaka kwa brashi ya manyoya juu ya kiunzi cha chuma, tabaka juu ya tabaka, na unatengeneza jino kubwa kuliko jino, kwa sababu motoni litasinyaa. Ukikosea kukadiria, unamtolea mzee mzima meno ya mtoto wa chekechea. Mzee Gichuki hakuwasha tanuri kabla ya kutoka nje na kutazama upande wa Nyandarua. Wingu jeusi likiwa limekaa kule, alivaa kofia akaenda kunywa chai. Nilidhani ni uvivu, hadi nilipowasha mwenyewe siku ya wingu la namna hiyo. Mvua ikapiga, stima ikapotea, taa zote zikazima, na kauri iliyokatiziwa moto ikatoka na mapovu kama uji uliomwagika jikoni. Mzee Gichuki aliliweka jino lile dirishani, akawa anawaonyesha wageni kwamba ni kazi ya sanaa kutoka Taita.

Somo lililonifaa kuliko yote nilipewa na shosho mmoja, bibi kizee wa Othaya. Alikuwa amewekewa kwa majaribio daraja la meno ya mbele juu, kabla ya kubandikwa kwa saruji. Mombasa nilikuwa nimefundishwa kwamba meno ya mbele hupimwa kwa matamshi. Unamwambia mtu aseme sitini na sita, na kama S inavuja, meno ni marefu mno, unayapunguza. Nikamwambia shosho aseme sitini na sita.

"Thitini na thita," akasema.

Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani mimi ni kiziwi. Nikalitoa daraja, nikachukua jiwe la kusagia. Mzee Gichuki akanishika mkono.

"Unafanya nini, Mtaita?"

"Meno ni marefu, Mzee. S haitoki."

"Hiyo S haijawahi kutoka. Kikuyu hakina S, hata mimi sina. Ukisaga mpaka itoke, huyu mama atabaki na fizi."

Alicheka mpaka akaketi. Shosho alipoelezewa alicheka kuliko yeye, huku amefunika mdomo kwa leso. Kisha Mzee Gichuki akamwuliza kwa Kikuyu mdomo wake hufanya kazi gani siku nzima. Akasema yeye ni msusi wa vikapu vya vyondo, na uzi wa katani huushika kwa meno ya mbele, akauvuta, akaukata. Mzee Gichuki akamletea uzi, akamwambia avute. Tukaona kila kitu. Hakuwa akiukata katikati. Aliukatia pembeni, kwenye jino moja, upande wa kushoto. Hapo ndipo tuliponenepesha kiunzi. Tangu siku hiyo nikaacha kumpima mtu kwa maneno yangu. Nilimwuliza kwanza mdomo wake unamfanyia kazi gani.

Msisahau pia mahindi ya kuchoma. Hapo Nyeri, mtu akitoka kliniki na meno mapya hasubiri saruji ikauke. Anavuka barabara, ananunua hindi la kuchoma, anajaribu. Anajaribu mbele ya rafiki zake, ambao wamekuja kwa ajili hiyo tu. Tumewakataza kwa Kiswahili, kwa Kikuyu na kwa kuwatisha. Daktari Nyambura, aliyechukua kliniki nikiwa nimeshaizoea kazi, aligundua dawa yake: akiwabandika asubuhi, anawaweka kwenye benchi la nje mpaka mama wa mahindi afunge jiko. Hiyo imeokoa madaraja mengi kuliko ufundi wangu.

Sasa nimfikie Muriithi.

Muriithi alikuwa mwonja kahawa katika kinu kimoja karibu na Kutus. Kama hamjawahi kuona kazi hiyo, mwonjaji huchota kahawa kwa kijiko na kuifyonza kwa nguvu na kelele ili irushwe mpaka nyuma ya ulimi, halafu anaitema. Akionja, anasema kahawa hii ni ya daraja gani, ina kasoro gani, na wakulima waliosubiri mwaka mzima wanapata au wanakosa kulingana na mdomo wake. Pikipiki ilimwangusha kwenye barabara ya vumbi akapoteza meno mawili ya mbele juu. Bila meno hayo, kahawa ilimwagika kidevuni. Hospitalini walimpa meno ya plastiki ya kutoa na kuweka, lakini hayo hufunika kaakaa, na kwake ilikuwa sawa na kuonja akiwa amevaa soksi mdomoni. Hayo ni maneno yake.

Kwa hiyo akaja kutafuta daraja: meno manne ya kauri yaliyoungana, mawili ya kati yakining'inia, mawili ya pembeni yakivishwa juu ya meno yake mwenyewe yaliyobaki. Nililijenga mimi, kauri juu ya chuma, na rangi ilikaa sawasawa hata Mzee Gichuki akaligeuza mara mbili, akanirudishia bila kusahihisha. Muriithi alirudi kazini. Kabla ya msimu kwisha akarudi kliniki amefunika mdomo. Kauri ilikuwa imemeguka kwenye ncha ya jino moja la kati, kipande kama ukucha, na chuma kimechungulia.

Mzee Gichuki alimwangalia kwa jicho la mahindi ya kuchoma. Muriithi akaapa kwamba hata githeri, mahindi kwa maharagwe, anakula ya kupondwa. Tukalijenga upya, tukalichoma siku ya anga safi, tukalibandika. Likameguka tena, palepale.

Mara hii hakuja akilalamika. Aliketi kwenye benchi la karakana, akalitazama tanuri, akazungumza polepole. Kinu kilikuwa kimeleta mwonjaji kijana. Meneja alikuwa amemwambia Muriithi kwamba kahawa ya msimu mkubwa ikianza kuingia na yeye bado mdomo haujakaa sawa, ataenda kuhesabu magunia ghalani.

"Fundi, mimi sijui kazi ingine," akasema. "Baba yangu alikuwa anachuma. Mimi ndio wa kwanza kwetu kuionja."

Daktari Nyambura alikuwa amefikia kusema kwamba pengine kauri haikumfaa, turudie meno ya plastiki. Hakusema kwa kukata tamaa. Kuna midomo ambayo haikubali kauri: wanaosaga meno usingizini, wanaofungua soda kwa meno, na huko wako wengi wanaofungua soda kwa meno. Lakini Muriithi hakuwa miongoni mwao, na yeye Nyambura alijua. Nikamwomba ruhusa niende Kutus nikamwone Muriithi akifanya kazi. Akasema niende, na nimletee kahawa.

Chumba cha kuonjea kilikuwa cheupe, meza ndefu, vikombe vimepangwa mstari, hakuna anayezungumza. Muriithi alivaa koti jeupe, akashika kijiko chake cha fedha. Aliinama, akachota, akafyonza. Sauti yake ilikuwa kama ya turubai linalochanwa. Akatema, akasogea kwenye kikombe kinachofuata. Yule kijana alikuwa upande wa pili wa meza akifanya vilevile. Nilisimama kando, nikafumba macho ili nisikilize tu. Kutoka upande wa kijana nilisikia mchano peke yake. Kutoka upande wa Muriithi, kabla ya kila mchano, nilisikia tik.

Tik, halafu mchano. Kikombe baada ya kikombe.

Walipopumzika nilimvuta nje, kwenye vitanda vya kuanikia kahawa.

"Unagonga," nikamwambia.

"Nani anagonga?"

"Wewe. Kijiko kinagonga jino kila unapochota. Huyo kijana hagongi."

Alikuwa hajawahi kuisikia sauti hiyo mwenyewe. Hakubishana. Aligeuza kahawa iliyoanikwa kwa kiganja, akaigeuza tena, akiangalia kama kuna mtu karibu.

"Fundi, hii kitu usiseme huko ndani," akasema. "Mdomo wangu wa juu ulikufa ganzi ile siku ya pikipiki. Sijui kijiko iko wapi mpaka iguse jino."

Hakumwambia meneja, wala mkewe. Mwonjaji mwenye mdomo wenye ganzi, nani atamwamini? Na ulimi wake ulikuwa mzima kabisa, pua pia. Ni ngozi tu ya mdomo, iliyokuwa ikimwambia zamani kwamba kijiko kimefika. Sasa jino ndilo lililofanya kazi hiyo, mamia ya mara kwa siku, kijiko juu ya ncha ya kauri ambayo haina kitu nyuma yake. Unga wa kauri uliochomwa ni mgumu ukikandamizwa. Ukigongwa ukingoni, unabanduka.

Niliporudi Nyeri tulikaa watatu: Daktari Nyambura, Mzee Gichuki na mimi. Niliwaambia habari ya ganzi kwa ruhusa ya Muriithi. Daktari akasema huwezi kumfundisha upya mtu wa umri ule namna ya kushika kijiko, na hata ukiweza, msimu hautamsubiri. Kwa hiyo lazima jino likubali kugongwa. Ni yeye aliyeleta habari ya zirkonia, aina ya kauri ngumu kama chuma, ambayo Nairobi walikuwa wameanza kuichonga kwa mashine kutoka kwenye bonge moja. Hiyo huvumilia kugongwa. Mzee Gichuki alikuwa ameiona, na akasema wazi kwamba inafanana na chaki, na kwamba yeye hatampeleka mtu mzima Kutus na chaki mdomoni. Walibishana mchana kutwa, bila kununiana. Mwisho jibu likatoka kwa wote wawili. Mgongo wa jino na ncha yake yote iwe zirkonia tupu, mahali kijiko kinapogusa. Kauri yetu ya kuchoma ipakwe usoni tu, palipo na watu wa kuangalia na hapana kijiko, kama mtu anavyopiga plasta ukuta wa mbele wa nyumba ya mawe.

Tulituma mfano wa taya Nairobi, kiunzi kikarudi kwenye boksi lililojaa pamba. Nilipaka uso wa kauri kwa brashi yangu nyembamba kuliko zote. Ncha niliitia rangi kidogo, kijivu cha mbali kama maji ya mto, ili mpaka wa vitu viwili usionekane. Siku ya kuwasha anga lilikuwa jeupe mpaka mlima ukaonekana wote, na Mzee Gichuki bado alitoka nje mara mbili.

Majaribio hayakuwa ya sitini na sita. Tulimwambia Muriithi aje na kijiko chake na kahawa yake. Akapanga vikombe kwenye meza ya vifaa vya daktari. Daktari Nyambura akafunga kijiko kwa ile karatasi nyembamba ya bluu tunayotumia kuona meno yanapokutana, akamwambia afanye kazi. Alipofyonza mara ya kwanza, wagonjwa waliokuwa wakisubiri nje waligeuka wote, na mmoja tulimwona dirishani akielekea nyumbani. Kila alipogonga, karatasi iliacha alama ya bluu. Alama zote zilikaa kwenye zirkonia. Usoni hapakuwa na hata moja. Nikaisugua sehemu ile mpaka ikawa laini kama kioo, kwa sababu zirkonia yenye mikwaruzo hula meno ya chini kama tupa. Hilo mlishike. Watu wanauliza kauri itadumu muda gani, na hawaulizi inachogusana nacho kitadumu muda gani.

Alibandikwa asubuhi na kuwekwa kwenye benchi pamoja na wengine.

Msimu mkubwa ulianza. Wiki zilipita bila simu kutoka Kutus. Mimi mtu wa kutotulia niliishi kwa kuisikiliza simu ya kliniki, na ilipolia nikawa wa kwanza kuuliza kama ni Kutus. Siku moja ilikuwa Kutus. Daktari Nyambura alisikiliza, akaitikia, akaniambia nije kwenye simu mimi mwenyewe. Muriithi alikuwa akipiga kelele upande wa pili, lakini hakuwa na shida. Mnunuzi mgeni alikuja kinuni, waonjaji wakapangwa meza moja naye, vikombe havina majina. Muriithi alisema kikombe kimoja kina uvundo wa gunia lililolowa. Wengine hawakuonja kitu. Walipofuatilia, fungu la kahawa ya kikombe kile lilikuwa limenyeshewa ghalani. Meneja alikuwa amemwambia yule kijana asimame karibu na Muriithi na ajifunze.

"Na inagonga?" nikamwuliza.

"Inagonga kama kengele ya kanisa," akasema. "Lakini hakuna kitu inavunjika."

Sijawahi kupata cheti kilichonifurahisha hivyo. Mzee Gichuki nilipomwambia aliendelea kusugua meno ya mtu, kisha akasema kwamba chaki si mbaya ikipata plasta nzuri.

Baada ya hapo tulijenga mengi ya namna hiyo, kwa watu wa Othaya, wa Kerugoya, wa Embu wanaotafuna majani ya muguka mchana kutwa. Yaliyokufa mikononi mwetu hayakufa kwa kauri kuvunjika. Yalikufa kwa sababu jino la mtu lililobeba daraja lilioza chini kwa chini. Kauri haiozi, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa maana inakaa inang'aa juu ya jino linalokwisha. Mfundisheni kila mtu kupitisha uzi chini ya daraja kila jioni. Muriithi alifanya hivyo kwa bidii ya mtu anayeswali. Alikuja kila mwaka baada ya msimu, na mimi, ambaye sikuwahi kumaliza mche wa sabuni, nilianza kukaa Nyeri mwaka mmoja zaidi ili nione kama bado limo. Nilipoulizwa kwa nini sihami nilisema nasubiri kuona.

Mzee Gichuki alirudi Kiriaini kwenye shamba lake la chai. Mashine ya kuchonga zirkonia ikaja Nyeri yenyewe. Kifua changu kikaanza kuniamsha. Nikasema, mwaka huu Muriithi akija, nitaliangalia mara ya mwisho, niende.

Alikuja akiwa na mvi. Daktari Nyambura alipiga picha ya mizizi, akaiinua kwenye mwanga: mfupa mzima, meno mawili yaliyobeba daraja yamekaa imara kama siku tulipoyavisha. Mimi nikachukua kioo cha kukuzia. Nilipitia ncha ile polepole, kutoka pembe hadi pembe. Kulikuwa na mikwaruzo midogo ya kijiko, mingi, myembamba kama nywele, na hakuna ufa. Uso wa kauri ulikuwa na rangi ileile. Meno yake mwenyewe yaliyolizunguka daraja yalikuwa yamegeuka hudhurungi kwa kahawa, kwa hiyo lililokuwa bandia ndilo lililoonekana la kijana. Daktari alisema sasa anaamini daraja hilo litamzidi mwenyewe umri.

Muriithi alikaa wima kwenye kiti. Alisema mkewe ameshalifikiria hilo. Siku moja wakila alimtazama mdomo, akamwuliza kama siku yake ikifika atazikwa nalo, au watu wa hospitali wanalitaka lirudi.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nilimwambia ni yangu. Halafu nikamwambia hiyo siku wasinifunge mdomo, watu waione."

Tulicheka wote watatu, na mimi nikacheka mpaka kikohozi kikanishika na Daktari akaniletea maji. Nilimpa mkono Muriithi, nikampa mkono Daktari, nikachukua begi langu lililokuwa limesimama mlangoni tangu asubuhi. Nje mlima ulikuwa wazi. Niliondoka Nyeri kwa miguu mpaka nje ya mji, nikicheka peke yangu barabarani.